Seva Kwenye Chumba cha Kahawa

Jumapili, 11 Mei 2025
Bwana Shihab, mkurugenzi wetu, katangaza. Klasta mpya ya kukadiria mafuriko ya wadi, yale mabonde makavu yanayofurika mvua ikinyesha, itazinduliwa Alhamisi: kompyuta tele zinazofanya kazi kama moja. Atakayezipanga vizuri seva mbili za kuiendesha ndiye mkuu wa klasta, na mkuu hupewa maegesho yenye kivuli. Kivuli! Hapa mtaa wa Ghala, mwezi Mei, jua la kuunguza! Leo nimeendesha mpaka nyumbani Ghubra nikishika usukani kwa kofia yangu. Kivuli kile nakitaka, nakitaka! Mpinzani ni mmoja tu, Shurooq, yule anayebandika jina kila waya.

Jumatatu, 12 Mei
Shurooq kawasilisha mpango wake. Seva ya usimamizi itazichunga kompyuta za klasta. Seva ya usakinishaji itazijaza mfumo: kompyuta ikiwaka, inauliza mtandaoni ifanye nini, na seva inaifuta na kuipandikizia mfumo mpya. Zote mbili zikae chumba cha baridi, kwenye mtandao uliotengwa na ule wa ofisi. Nikamwambia hana ukarimu. Chumba kile ni barafu tupu! Juzi niliingia nimejitanda shali la mama, Bwana Shihab akanisabahi kwa adabu akidhani ni bibi wa mtu. Mama naye kanuna, kasema shali lile ni la harusini, si la kulelea mashine.

Mpango wangu ni bora. Usakinishaji huchukua muda, na mtu akisubiri hupewa kahawa. Kwa hiyo seva ya usakinishaji ikae chumba cha kahawa.

Jumanne, 13 Mei
Nimeihamisha. Nimeichomeka kwenye soketi ya mtandao iliyo nyuma ya birika. Joto zuri, halwa mkononi, raha mustarehe! Loay wa ofisi ya pili kauliza kama soketi ile si ya mtandao wa ofisi nzima. Nikamjibu mtandao ni mtandao. Akakitikisa kikombe chake, ishara ya kuwa katosheka, akaondoka. Mimi sikutikisa changu, nikaongezwa.

Jumatano, 14 Mei
Balaa!

Kompyuta zote za ofisi, zikiwashwa, huanza kwa kuuliza mtandaoni. Nilizipanga hivyo mimi mwenyewe mwaka jana, kwa uvivu. Leo asubuhi zikauliza. Na seva yangu ikazijibu zote! Ya Noof mhasibu, imefutwa. Ya mapokezi, imefutwa. Ya Bwana Shihab, imefutwa pamoja na hotuba ya kesho. Sasa zote zimejiunga na klasta, zinakadiria mvua. Bwana Shihab akaja mbio, kilemba upande. Nikajificha nyuma ya birika. Sikuenea.

Kumbe Shurooq alikuwa na nakala za kila kitu, kwenye seva yake ya usimamizi. Anaudhi sana mtu huyu.

Alhamisi, 15 Mei
Hotuba imerudi, mafaili yamerudi, Noof kacheka mpaka kajifuta machozi kwa shela. Mkuu wa klasta ni Shurooq. Seva zote mbili zimefungiwa chumba cha baridi, ufunguo anao yeye. Klasta ilipowashwa, wadi zote zikajaa maji ya buluu kwenye skrini, wageni wakashangilia, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ilikuwa nzuri, wallahi. Niliona raha moyoni.

Kisha Shurooq akanishangaza. Kasema niegeshe kwenye kivuli chake kila Jumatatu, maana yeye Jumatatu huletwa na kakake. Sharti moja: nisiguse soketi yoyote. Nikaapa mbele ya Loay na Noof.

Jioni nikasaidia kupanga viti kwenye majlisi, sebule ya wageni. Nyuma ya kochi pana soketi. Safi, mpya, haina mtu! Na kwenye mtandao wake hakuna kompyuta hata moja. Ipo mitambo ya lifti tu, na mlango wa kuingilia wenye kufuli la umeme. Nikakaa karibu nayo nikitafakari. Mwenye kahawa akanimiminia, akasubiri kuona kama nimetosheka.

Kikombe sikukitikisa.