Nywele za Mativo

Jumatatu, 2 Juni

Vita vimeanza! Mzee Idarusi, mwenye banda letu la video hapa Mukuru kwa Reuben, amepata flashi yenye katuni ndefu ya Kijapani. Sehemu chungu nzima, majina yameandikwa kwa vijitivijiti, hakuna anayejua ipi inatangulia. Wiki hii natafsiri mimi, kwa maiki, katuni ikiendelea. Watu wakielewa hadithi, maiki ni yangu moja kwa moja. Wakipotea, inakwenda kwa Opicho, mtafsiri mwenzangu mwenye sauti ya spika iliyopasuka. Opicho alishauri tutafute mtandaoni ipi ilitoka kwanza. Ushauri wa mvivu! Mimi nimegundua siri. Kwingine shujaa ana kipara, kwingine nywele zinafika masikioni, kwingine zinafika mgongoni. Nywele hukua. Tutaanza na kipara.

Kijapani sijui hata neno moja, lakini hilo halijawahi kunizuia.

Jumanne, 3 Juni

Ushindi! Jina la shujaa halitamkiki, nikamwita Mativo. Kipara, jicho moja, amepiga magoti kwenye kaburi lenye picha ya mzee. Analia. Nilishangaa kidogo: katuni gani huanza na maziko? Nikatangaza kwamba marehemu ni landilodi wake aliyemdai kodi, na machozi ni ya furaha. Makofi! Vigelegele! Opicho alitafuna mrija wa soda yake.

Jumatano, 4 Juni

Sielewi. Nywele zimefika masikioni, jicho la Mativo limerudi, na landilodi yu hai! Anampikia Mativo wali. Mtu akapiga kelele: "Buda, huyu si tulimzika jana?" Nikasema huyu ni pacha wa marehemu, mchungaji. Jicho je? Dawa ya kienyeji. Walikubali shingo upande. Kisha nikajisahau nikamwita mchungaji landilodi. Opicho alicheka hadi akashika nguzo.

Alhamisi, 5 Juni

Nywele zimefika mgongoni. Mativo amekuwa mtoto! Hana meno ya mbele, amebebwa na yule mzee. Nikasema ni mwanawe Mativo. Wakauliza mama yake ni nani. Nikazima maiki nikasingizia umeme.

Ndipo akasimama Ayuma, mama anayefanya kazi kiwanda cha sabuni na kukaa mbele kila siku. "Wewe Nyongesa, kwenu Bungoma hamnyolewangi matanga? Huyo kijana amenyolewa! Huyo mzee ndiye alimlea, na ndiye alizikwa!"

Hata mimi nilinyolewa babu alipofariki. Nilisahauje? Nimeanza na mwisho, na tumepigia makofi kaburi la baba wa watu. Nimeona aibu kweli.

Ijumaa, 6 Juni

Mzee Idarusi alitoka msikitini akaja kwangu moja kwa moja. Akasema, "Mwanangu, maiki mpe mwenzio." Mimi nitakaa mlangoni nikikusanya kiingilio. Opicho ananiita bawabu.

Jumamosi, 7 Juni

Opicho alianza na utoto, kwa mpangilio wake wa mtandaoni. Yule mzee wa katuni alipocheka tu, Ayuma akaangua kilio. Banda zima likafuata, maana wanajua kaburi linamngoja. Vichekesho vya Opicho havikusikika. Mwishowe naye akalia, tena kwa maiki! Mimi pia nililia mlangoni, nikasema ni moshi wa jiko la mandazi. Walipotoka walinipa mkono mmoja mmoja, kama mfiwa. Sijui kama nilishinda au nilishindwa.

Jumapili, 8 Juni

Opicho hana sauti! Ameimaliza kwa kulia. Mzee Idarusi ana flashi mpya, katuni ya ukoo mwingine, na kesho maiki inarudi kwangu, mradi nifuate mpangilio wa mtandaoni. Niliitikia kwa heshima zote.

Mpangilio wa nini? Kosa langu lilikuwa kutazama nywele. Safari hii natazama ndevu. Nimeshapata sehemu ya kwanza: mwanamume mwenye kidevu kitupu, amepiga magoti kando ya shimo jipya, machozi yanamtoka. Bila shaka ni kijana mdogo, anapanda mti. Tutaanza na hapo.