Kidonge cha Jumatatu na Bia ya Jumamosi

Gisenyi, Oktoba 1999

Kwa Daktari Paluku,
Zahanati ya nyuma ya soko.

YAH: MALALAMIKO YA KUACHIWA NIAMUE MWENYEWE

Mheshimiwa Daktari,

Salamu nyingi, pamoja na heshima zote anazostahili mtu aliyesoma mpaka akajua jina la kila kifundo cha mwili. Mimi ni yule mzee uliyemshika mikono wiki iliyopita, ukaigeuzageuza kama mama anayechagua viazi sokoni, kisha ukaguna. Guno hilo halikunipendeza, lakini silo ninalolalamikia leo.

Nakumbusha ulichosema, ili tusije tukabishana baadaye. Ulisema ugonjwa wangu hautokani na uzee, wala baridi ya ziwa, wala mkono wa mtu. Ni baridi yabisi, ile inayofanya askari wa mwili wamkosee adui na kuanza kuwapiga wenyeji. Nilitazama mlangoni kwanza, kwa sababu mambo ya askari katika prefekitura hii tunayazungumza kwa sauti ya chini. Ukasema vidonge vya zamani, vile vilivyoniumua uso mpaka majirani wakanipongeza kwa kutajirika, vinatuliza maumivu tu huku vidole vinaendelea kupinda. Ukatoa vidonge vipya, vidogo, vya manjano. Vimezwe siku moja tu kwa wiki, Jumatatu. Damu ipimwe kila mwezi. Nisipoanza mapema, vidole vitapinda moja kwa moja na havitarudi. Halafu ukaniambia, na maneno yako ninayo kichwani jinsi yalivyotoka: “Bon, mzee, dawa iko. Lakini pombe hapana, hata kidogo, juu ya maini. Sasa chagua we mwenyewe.”

Daktari, nimechagua kulalamika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuulizwa. Nimezaliwa nikiamriwa. Tulipokimbilia Karagwe nikiwa mtoto, wakubwa waliamua tulale wapi. Nilipokua, mwenyekiti wa kijiji aliamua tulime nini. Niliporudi huku, mtu mwenye karatasi aliamua nikae nyumba ipi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naonaje, nami nilizoea, nikanenepa. Leo nina nywele nyeupe, ndipo uhuru unanifikia, tena unanifikia kwenye ini. Daktari wa kweli anasema “meza”, mgonjwa anameza, akifa lawama ziko kwa daktari. Wewe umegeuza mambo. Nikimeza ni mimi, nisipomeza ni mimi, na wewe uko katikati unanawa mikono kwa sabuni nzuri.

2. Dawa yenyewe ni ya uvivu. Dawa inayojiheshimu humezwa asubuhi, mchana na jioni, na mgonjwa anajiona ana kazi. Hii yako inafanya kazi Jumatatu kisha inapumzika wiki nzima kama bwana mkubwa. Mdogo wangu Niyonzima, anayevusha vitenge na sabuni pale mpakani Petite Barrière na hana subira hata ya kungoja chai ipoe, alinishauri nimeze kila siku ili nipone upesi. Niliporudi kukuuliza, rangi ilikutoka. Ulisema kumeza kila siku kutaniua. Nakuuliza kwa heshima: ni dawa gani hii ambayo bidii inaua? Watoto wetu tuwafundishe nini?

3. Ukweli wako. Sikukuomba uniambie kwamba dawa hiyohiyo, kwa kipimo kikubwa, hutibu saratani. Ungeweza kukaa na neno hilo. Mimi nilimwambia mke wangu peke yake, mke wangu akamwambia Niyonzima peke yake, na kabla ya saa tisa Petite Barrière yote, upande huu na upande wa Goma, ilikuwa inajua kwamba mzee Onésphore ana saratani ya vidole. Kesho yake wakaanza kuja kuniaga. Shangazi yangu Mukagasana alitoka Cyanzarwe kwa miguu, na umri wake ule, na mtungi wa pombe ya mtama kichwani. Akauweka chini, akaionja yeye kwanza kama desturi inavyotaka ili nione haina sumu, akanipa mrija, akaanza kulia. Sasa niambie, Daktari uliyesoma: unamkataaje mwanamke aliyetembea mlima mzima kuja kukulilia ungali hai? Nilikunywa. Aliyemfuata alileta pombe ya ndizi, nikanywa. Kwa hiyo dawa yako, kabla hata sijaionja, imekwisha kuninywesha kuliko Krismasi na Pasaka zikichanganywa. Ini langu likiharibika, nitajua pa kulipeleka shitaka.

4. Kazi yangu. Hapa ndipo penye jiwe la msingi la barua hii, nakuomba usome taratibu.

Mimi ni msemaji wa harusi. Kijana akitaka kuoa, ukoo wake hunichukua niende mbele kumwomba msichana kwa niaba yao. Kazi hiyo haifundishwi shuleni. Lazima ujue kutukanwa ukicheka, kunyimwa msichana mara tatu ukizidi kusifu, kutaja ng’ombe kana kwamba umewaona. Zamani kila kilima kilikuwa na wazee wa namna hiyo watatu, wanne. Sasa, tangu miaka mitano iliyopita, wamebaki wachache, na sababu tunaijua sote, sitaiandika hapa. Ndiyo maana Jumamosi zangu zimejaa. Kuna vijana wasio na baba wala baba mdogo, wanakuja mlangoni wakiwa wameshika kofia, wananiomba niwe ukoo wao kwa mchana mmoja. Siwezi kuwaambia hapana, Daktari. Sitaki kuwaambia hapana.

Na katika kazi hiyo, pombe ndiyo karatasi tunayotia sahihi. Baba wa msichana anaonja, ananipa. Nikinywa, mazungumzo yamefunguliwa. Nikisema “hapana, asante”, nimesema mojawapo ya mambo haya: kwamba nahisi ametia sumu, au kwamba nina kinyongo naye cha zamani, na katika nchi yetu vinyongo vya zamani havitajwi harusini. Mwaka jana kule Nyundo msemaji mmoja kijana, mlokole, aliomba Fanta. Mzee wa upande wa pili alimtazama, akafunika mtungi, akasema msichana wao bado ni mdogo, warudi akikua. Msichana alikuwa mwalimu, ana miaka thelathini.

Mimi niseme nini mbele ya watu hao? Niseme ini?

Kwa hiyo naomba lolote kati ya haya. Uniandikie cheti chenye mhuri, kisomwe kabla ya sala ya kufungua, kwamba mdomo wangu unakubali ila ini limezuiwa na serikali. Cheti kikishindikana, uje wewe mwenyewe kila Jumamosi, ukae kuume kwangu, ninene mimi na unywe wewe. Ninyi watu wa Goma mna kifua cha pombe, na sina shaka utaifanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko zote ulizosomea. Kama una zamu zahanati, basi tuvute muda: vijana wote wa huku Rubavu waoe kwanza, wakiisha nianze dawa. Nimelitazama hili kwa makini na nimeona kasoro yake moja, kwamba wengine wanaendelea kukua. Dawa yake ni rahisi. Umwombe Prefe, mkuu wa mkoa wetu, asimamishe ndoa zote katika prefekitura mpaka vidole vyangu vinyooke. Taifa limevumilia makubwa zaidi ya hayo.

5. Jiografia. Kila mtu hapa anajua kwamba mwenye viungo vibovu huenda Nyamyumba kujichovya katika maji ya moto yanayotoka chini ya mwamba. Nami huenda. Na kila anayekwenda hupita kando ya kiwanda cha bia, harufu ya kimea ikimsindikiza kwenda na kurudi. Mungu mwenyewe, alipopanga ufuko huu, aliweka tiba ya viungo na bia katika barabara moja, na sijasikia akilalamika. Ni kidonge chako tu kinachoona uadui mahali ambapo Muumba aliona ujirani.

6. Salamu. Siku hizi mtu akinipa mkono nampa kifundo cha mkono, kama mtu mwenye mikono yenye maji. Watu wananiuliza nafua nini kila siku. Hili si kosa lako, ila nimeliandika kwa sababu lilikuwa karibu.

Kwa maelezo hayo, Mheshimiwa, naona wazi kwamba dawa yako ni nzuri kwa wazungu walioitengeneza, wanaooana kwa sahihi mbili na keki. Kwangu mimi haifai. Naomba uirudishe kabatini, unipe nyingine isiyo na ugomvi na mtu, au uniamuru kwa sauti kali, mbele ya mashahidi, ili nikikosa heshima harusini niseme nililazimishwa. Hilo la kunilazimisha ningelipenda zaidi.

Nisalimie muuguzi Illuminée, mwenye sindano isiyojua huruma. Nisalimie mlinzi wa getini, mke wako na watoto, na ndugu zako wote wa upande wa pili wa mpaka. Shangazi Mukagasana naye anakusalimu. Anasema anasubiri umwambie tarehe ya mazishi yangu ili apike pombe mapema.

Ni mimi, mwenye viungo visivyosikilizana,

Hitimana Onésphore
Msemaji wa harusi, Gisenyi

Nyongeza: Mwandiko huu, Daktari, si wangu. Vidole vyangu havishiki kalamu tangu mvua za masika. Nimesema mimi, ameandika mke wangu Xavérine, mzaliwa wa Goma, ambaye alipelekwa shule kuliko mimi. Aliandika bila kupinga mpaka kifungu cha nne, nilipotaka kuongeza kwamba mwanamume wa heshima hakatai glasi aliyopewa mkononi. Hapo aliweka kalamu chini akaniuliza ni mkono upi huo. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu sasa kila ninachokunywa ananishikia yeye, nyumbani na harusini, mkono wake chini ya wangu, na watu wanadhani ni mahaba ya uzeeni. Nilikasirika. Nikamwambia kama amechoka kunishikia aseme.

Akasema: “Mi sichoke kukushikia glasi. Yenye inanichokesha ni kukusikia kila asubui unalia, unafikiri niko nalala.”

Nilimwambia aliandike na hilo. Alikataa, kisha ameliandika.

Basi futa kifungu cha kwanza mpaka cha sita. Jumatatu tunakuja wote wawili, uandae kidonge. Jumamosi inayofuata nina kijana wa Cyanzarwe wa kumwombea mke, nami nitasema nikiwa na koo kavu, niwaambie ni ini, wacheke wanavyotaka. Wakitunyima msichana tutarudi kumwomba tena, hiyo ndiyo kazi yangu. Vidole hivi vikienda, Daktari, hakuna nyumba nitakayokwenda kuviomba.