Matairi ya Misimu Yote kwa Ajili ya Solange

Alhamisi, 28 Novemba

Theluji tangu jana. Mtaa mzima umeshalaza magari yake ya kiangazi: betri nje, shuka juu, mpaka Mei. Langu pia. Liko uani chini ya hema lake la turubai, jekundu, milango miwili. Kila nikipita naona aibu.

Saa nne Solange amepiga simu kutoka Montreal. Miezi mitatu sasa yuko huko anamuuguza dada yake. Anarudi hapa Rimouski Jumamosi ya tarehe 21, basi la saa tisa alasiri. Akauliza kama nitakwenda kumpokea na kale kekundu. Nikasema bila shaka. Sikufikiri hata kidogo. Kiangazi kizima tulizunguka naye kando ya mto, paa wazi, mfuko wa uduvi wa kuchemsha mapajani mwake. Ningesemaje hapana?

Jirani yangu Clermont alikuwa nje anasukuma theluji kwa pikapu yake. Alisikia yote, maana nikiwa na furaha huwa napayuka. Kasema gari la spoti mwezi wa Desemba ni mtoto aliyetolewa nje na kaptura. Kisha akauliza, kama mtu asiyejali, basi linaingia saa ngapi. Sikulipenda swali hilo.

Ijumaa, 29 Novemba

Kwa Normande, fundi wa matairi. Foleni mpaka mlangoni. Keshokutwa sheria inaanza: bila matairi ya baridi huingii barabarani hadi katikati ya Machi. Jimbo zima limekumbuka leo.

Nikamweleza mpango wangu. Matairi ya misimu yote! Nafunga mara moja, naendesha mwaka mzima, Clermont ananyamaza. Normande alicheka mpaka akaweka kahawa chini. "Rosaire wangu, misimu yote hapa kwetu ni mitatu. Wa nne ndio huo, tazama dirishani." Akanionyesha alama inayotakiwa na sheria: mlima, na ndani yake chembe ya theluji. Matairi yote ya baridi unayoyaona yanayo. Ya misimu yote yenye alama yapo machache, na ya saizi yangu hayaji kabla ya Januari.

Alikuwa na njia nyingine. Matairi manne ya baridi, yametumika kidogo, kwenye rimu nyeusi za chuma. Yanaingia gari langu bila shida. Nikayatazama. Masufuria yaliyoungua. Na mimi rimu zangu za fedha ndizo Solange alikuwa akiziinamia kama kioo anapopaka rangi ya mdomo. Nikasema asante, hapana. Normande kasema ataniwekea, ananijua.

Jumapili, 1 Desemba

Nimepata manne kwa bwana mmoja wa kijiji cha pili. Mapya kabisa, misimu yote imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Yeye kayavalisha kwenye rimu zangu za fedha, mimi nimeyarudisha garini. Kidole kimoja kimevimba. Clermont alikuja na tochi, akazunguka gari mara mbili, hakuona alama. Akaondoka anapiga mluzi.

Basi. Alama ni mchoro. Na mchoro huchorwa.

Kwenye kabati la bafuni kuna kichupa cha rangi nyeupe ya kucha. Solange alikisahau Agosti. Nimechuchumaa chini ya hema saa tatu nzima nikichora milima. Sikuwa nimefikiria harufu. Alikuwa akipaka kucha za miguu barazani kwangu, nyayo zake mapajani mwangu, na mimi naamriwa nisitikisike. Sikutikisika kiangazi chote. Mlima wa mwisho umetoka vibaya kwa sababu macho yalijaa maji. Baridi, labda.

Jumanne, 10 Desemba

Jaribio la kwanza. Gari limetoka hemani, likaenda mita sita, likalalia tumbo kwenye theluji huku matairi yakizunguka bure. Clermont kanivuta kwa mnyororo. Akaondoka na mluzi wake uleule, na ndio ulioniuma.

Kosa si la matairi. Uzito hautoshi. Kila mtu hapa anabeba mifuko ya mchanga kwenye buti la gari wakati wa baridi, ila buti langu linameza mmoja tu. Wa pili nimeuketisha kiti cha abiria, nikaufunga mkanda. Tumezunguka mtaa mara mbili. Kwenye kona nilijikuta nauuliza kama unahisi baridi.

Siku kumi na moja zimebaki. Namtamani Solange hata kwa makelele yake.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimeondoka saa saba kwa safari ya dakika ishirini. Nimevaa tai.

Darajani askari wa trafiki kanisimamisha. Alichuchumaa mbele ya tairi muda mrefu sana. Kasema chembe ya theluji ina mikono sita, yangu ina mitano. Kisha akaikwangua kwa ukucha. Faini, na amri ya kurudi nyumbani. Nimekubali nitarudi. Sikusema napitia wapi.

Hatua thelathini kabla ya kituo cha basi, kona. Nimekata kushoto, gari likaendelea kulia, likajichimbia kwenye lundo la theluji mpaka taa. Milango imebanwa. Nimeliona basi likiingia. Nimemwona Solange akishuka, koti la kijani, akitafuta kitu chekundu kwa macho. Mkono wangu ulikuwa kwenye kioo kama mfungwa.

Clermont alikuwa pale, eti kwa bahati. Mnyororo tena.

Solange akaja, akacheka, akanibusu mashavu yote mawili. Kasema angepanda hata trekta, mradi mimi ndiye dereva. Kasema alikaulizia kale kekundu ili ajue tu kama bado namkumbuka. Nimeishi miaka hamsini na nane kusubiri maneno hayo. Akauona mchoro tairini, akauliza kama ile ni rangi yake. Nikasema ndiyo. Akageuka pembeni, akafuta jicho kwa glavu.

Kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria, apande.

Mfuko ulikuwa umekaa. Paa langu linavuja, mchanga umelowa, umeganda, umeshikana na kiti, na kifungo cha mkanda kimejaa barafu. Tumevuta wote watatu. Haukutikisika. Solange alisubiri mpaka midomo ikabadilika rangi. Clermont akasema kwa upole kwamba pikapu yake ina joto.

Nimerudi nyumbani nyuma ya taa zao, mimi na mfuko.

Jumapili, 22 Desemba

Solange amepiga simu! Clermont alimwomba waende pamoja misa ya mkesha wa Krismasi. Kamjibu ana mtu. "Jumanne, Rosaire. Njoo na kitu chenye kiti, nakuomba."

Baada yake Normande. Kasikia, mji mzima umesikia. Yale manne meusi bado yapo, kesho saa mbili asubuhi ananifungia. Nimemshukuru sana. Nimemwambia asihangaike.

Mfuko nimeuyeyusha kwa maji ya moto. Solange ataupakata, si mzito kiasi hicho. Kichupa bado kina robo. Kumbe kilichokosekana kilikuwa mkono mmoja tu.

Nimeanza na tairi la mbele kushoto.