Kiti Chetu

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Ofisi imenirudishia pesa zote za kiti nilichonunua cha kufanyia kazi nyumbani. Kinazunguka, kinapanda, kinashuka. Kiti ninacho, pesa ninazo! Mke wangu kauliza kama huo si wizi. Nikamwambia hiyo ni akili. Kaka yake, yule shemeji aliyekuja kwetu kwa wiki mbili mwaka jana, amekitazama sana. Sikuyapenda macho yale.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mhasibu, mama mwenye miwani ya kamba, kaniletea fomu: kiti ni cha nani? Kikiwa changu, pesa nilizorudishiwa zinahesabiwa kama mshahara na zinakatwa kodi. Kikiwa cha ofisi, hakuna kodi, lakini ni mali yao. Kanipa hadi kesho.

Jumatano, 5 Machi
Mimi kichwa! Nimeandika neno moja tu: "Chetu." Si uongo, si ukweli. Mhasibu kasoma, kagonga muhuri, kanipa nakala. Kodi hakuna! Nimerudi nyumbani napiga mluzi, nakala nikaibandika ukutani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemkuta shemeji kitini, anazunguka. Nikamwambia ashuke, kiti ni changu. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye ile nakala. Eti mwandiko ni wangu, "chetu" ni pamoja na yeye, na ananishukuru kwa roho nzuri. Mke wangu kacheka mpaka machozi. Nimeshinda nikifanya kazi juu ya ndoo. Roho inaniuma, na mgongo pia.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa ya shemeji imepatikana! Nimempigia mhasibu simu, nikaweka sauti kubwa, nikamwomba aseme kiti ni cha nani. Akasema cha ofisi. Nikaitikia kwa nguvu: naam, cha ofisi! Shemeji akashuka. Sijawahi kufurahi hivi!

Saa moja baadaye likaja gari la ofisi. Mhasibu, aliyekuja nalo, kasema kuna mtu ofisini anakalia kiti kibovu, na kwa kuwa nimekiri mwenyewe, wanakichukua. Shemeji ndiye aliyekibeba hadi garini, tena anaimba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa kwenye ndoo, nikatafakari. Kodi sikukatwa: nimeshinda. Shemeji hana kiti: nimeshinda tena! Kosa lilikuwa lile neno tu. Leo nimenunua jokofu, la kazi. Fomu ikija, siandiki tena "chetu". Mjinga nani? Nitaandika "letu".