Wiki ya Mlima wa Povu

Jumatatu, 15 Julai 2024

Mchwa wamekula mlima. Wiki mbili za kazi! Karatasi za mifuko ya saruji, gundi ya uji wa muhogo, subira. Leo asubuhi nimeugusa kwa kidole, mkono wote ukazama ndani. Mke wangu, Mama Kelvin, kaja kutazama, kasema ni vizuri kuna walioshiba nyumba hii.

Zimebaki siku tano. Alhamisi Baba anapasuliwa mtoto wa jicho. La kushoto lilishakufa zamani, hili la kulia ndilo pekee, akiba hakuna. Jumamosi anafunguliwa bandeji. Nimemwahidi kwamba akifika nyumbani ataona treni ikipita chini ya mlima Mkomaindo kama enzi zake. Ujanani alikuwa mchochea moto kwenye treni ya hapa Masasi, kabla reli haijang'olewa. Treni ninayo, ya betri, inawasha taa. Reli nimeipigilia juu ya mlango wa zamani wa choo. (Nimeuosha.) Mlima sina.

Jioni mdogo wangu Alphonce kapiga simu kutoka Newala. Kamnunulia Baba televisheni. Kubwa. Ataileta Jumamosi, na anasema kitu cha kwanza mzee atakachokiona ni mpira wa miguu. Nimempongeza kwa upendo. Nimekata simu, nikapiga teke ndoo. Ilikuwa na maji.

Jumanne, 16 Julai

Nimetazama video kwenye simu mpaka bando likaisha. Wenzetu wanaojenga reli ndogo hawahangaiki na karatasi. Wana mbao za povu gumu, jepesi, unalichonga kwa kisu cha jikoni mpaka unapata mlima. Mchwa hawaligusi.

Nimeizunguka Masasi nzima. Duka la vifaa vya ujenzi wameniuliza kama povu ni la sofa au la kitanda. Duka la vitabu wamenipa karatasi ngumu ya manjano na kunihakikishia kuwa ni kitu kilekile. Zuhra, muuza samaki, ndiye mwenye povu la kweli: yale maboksi meupe ambayo samaki wake wanakuja nayo na barafu kutoka Mtwara. Nimemwomba kifuniko kimoja. Kaniuliza samaki wajifunike nini. Mwisho kanihurumia, kanipa kona ya boksi lililovunjika. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu. Nimeiweka juu ya mlango, nikaenda kunywa chai. Kurudi, paka wanne wamekaa kwenye reli kama abiria.

Ndipo akili ikanijia. Televisheni mpya inashikiliwa na nini ndani ya boksi? Povu! Vipande vikubwa, visafi, visivyonuka. Kuna televisheni mpya Newala, na mwenye nayo ni ndugu yangu wa damu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 17 Julai

Nimepanda Newala. Nimemwambia Mama Kelvin nakwenda kumsalimia Alphonce. Kanitazama kwa muda, maana sijamsalimia Alphonce kwa hiari tangu harusi yake.

Baridi kali kule juu. Nimevaa koti langu refu, nalo ni sehemu ya mpango. Alphonce hakuwepo, kaenda shambani kupulizia mikorosho. Shemeji Violet kanikaribisha vizuri, kanipikia ugali na kisamvu. Nimekula. Nimesema naomba kuliona boksi la zawadi ya Baba, nishibishe macho tu. Kanionyesha chumba cha stoo, kaenda kuosha vyombo.

Dakika kumi! Nimeitoa televisheni, nimetoa vipande vinne vya povu, nimeirudisha. Ikawa inacheza ndani ya boksi kama jino bovu. Hapo nikaogopa. Kumbe pembeni kuna gunia la makopa. Muhogo mkavu, mgumu, upo wa kutosha. Nimeyapanga kila upande kwa uangalifu mkubwa. Ukitikisa, haisogei. Unasikia tu sauti kidogo.

Povu nimelivaa ndani ya koti, vipande viwili mbele, viwili nyuma. Shemeji Violet kanisindikiza hadi kwenye bodaboda, kasema hewa ya Newala imenipenda, nimenenepa tangu asubuhi. Nimemjibu ni kisamvu. Tulipofika ukingoni, barabara inapoanza kuteremka, upepo ukaingia shingoni mwa koti ukatoka na kipande kimoja. Kilipaa juu ya mabonde kuelekea Msumbiji, nikakiangalia mpaka kikawa kidogo kama kunguru mweupe. Vitatu vimefika salama.

Alhamisi, 18 Julai

Leo sina utani. Tumempeleka Baba hospitali asubuhi. Kabla hajaingizwa ndani kanishika mkono, kaniuliza kama treni ina moshi. Nimesema haina, ina taa. Kasema si kitu.

Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na nusu. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliwaza kama jicho lile lisipofunguka, basi nimemwahidi mtu treni ambayo ataisikia tu ikizunguka. Mama Kelvin kaniletea chai ya chupa, hakunitania hata kidogo, na hilo likanitisha zaidi.

Daktari katoka, kasema kazi imekwenda vizuri, tusubiri Jumamosi. Nimerudi nyumbani nikachonga mlima mchana kutwa, kwa sababu mikono ilikuwa inatafuta kazi. Ni mzuri. Una ile mikunjo ya mwamba, una bega la kushoto. Mama Kelvin kautambua bila kuambiwa. Kasema, ule si Mkomaindo?

Ijumaa, 19 Julai

Balaa.

Mlima mweupe haufai, mwamba wetu ni kijivu. Nilikuwa na rangi nyeusi na nyeupe, nzito kama uji wa juzi. Fundi yeyote hapa angeilainisha kwa petroli. Petroli nilikuwa nayo, kwenye ile mashine ya mgongoni ya kupulizia mikorosho. Nimechanganya. Nimepaka kwa brashi, upande wote wa mbele, nikarudi nyuma hatua tatu kuutazama.

Ukatoa sauti. Chiii. Bega la kushoto likashuka. Kilele kikaingia tumboni. Nikadhani ni macho yangu, nikafikiria nami nikapasuliwe. Nilijaribu kuuinua kwa mikono miwili, ukanata vidoleni kama ulimbo. Ndani ya dakika tano Mkomaindo imekuwa bakuli la ute wa kijivu. Inaonekana petroli na povu hawapatani. Mtu wa video hakusema! Au alisema baada ya bando kuisha.

Nikiwa bado nimenata, Alphonce kapiga simu. Kesho anaishusha televisheni kwa pikapu, juu ya magunia. Kasema hana wasiwasi, kwani kiwandani huwa wanazifunga vizuri sana. Njia ya mashimo vile, kioo chembamba vile, na makopa magumu kama kokoto! Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Nikamtakia safari njema.

Mlima sina, televisheni nimeiua, na jicho halijafunguliwa. Sijala chakula cha jioni.

Jumamosi, 20 Julai

Nianze na kubwa. Anaona!

Nesi kaifungua bandeji taratibu. Baba kapepesa, kapepesa, kanigeukia. Kasema, "Adolf, mbona umezeeka hivyo?" Nililia mbele ya nesi. Sijali.

Nyumbani tulimkuta Alphonce keshafika na Violet, boksi liko uani. Alphonce kamwamkia Baba, kampa kiti, kaanza kukata utepe wa boksi huku akihutubia. Mimi nilikuwa nimejisogeza karibu na lango. Boksi likafunguka. Hakuna kopa hata moja! Televisheni imeviringishwa mablanketi mawili na kitenge, nzima, inang'aa. Alphonce kashangaa kidogo, kasema kiwanda hiki kinajali wateja. Kisha akasema kitenge kinafanana na cha Violet.

Shemeji Violet akapita karibu yangu na sufuria, akasimama.

"Shemeji, makopa yangu nimeyarudisha kwenye gunia. Lile povu ungeomba tu, ningekupa. Lilikuwa linakwenda jalalani."

Kaendelea na safari yake ya jikoni. Hakumwambia mtu. Sijawahi kumpenda shemeji kama leo.

Alphonce kachomeka waya. Kabonyeza. Kabonyeza tena. Umeme umekatika mtaa mzima! Sikucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikacheka huko, nikarudi nikiwa na mlango wa choo.

Nimeuweka juu ya mbuzi mbili za fundi seremala, zile stendi zake za kukatia mbao, katikati ya ua. Reli tupu. Nimemwambia Baba anisamehe, mlima umeharibika, ni treni tu. Nimewasha. Ikaanza kuzunguka na taa yake ndogo. Baba kainama mpaka pua ikakaribia reli. Akawa anageuza kichwa kuifuata, mzunguko baada ya mzunguko. Kisha akakunja uso, akasema dereva huyu anakwenda kasi mno, zamani angefukuzwa kazi.

Nikaomba radhi tena kwa ajili ya mlima.

Baba akainua mkono, akaonyesha juu ya paa la jiko letu. Mkomaindo yenyewe, na bega lake la kushoto, imejaa jua la saa tisa.

"Mlima haukuondoka, mwanangu," akasema. "Kilichong'olewa ni treni."

Akarudi kuitazama. Betri zilipoisha akamtuma Alphonce dukani akanunue nyingine, na Alphonce akaenda. Nimepumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumapili, 21 Julai

Nimelala kama mtoto. Nimetoka kanisani nikiwa nimeweka nadhiri: sitagusa tena kitu cha mtu bila kuomba. Nimejifunza. Nimeiandika hapa ili iwe ushahidi.

Mchana Baba, akiwa na treni yake, kakumbuka mto. Kasema walikuwa wakisimama mtoni kujaza maji, na asubuhi mto ulikuwa unang'aa mpaka unaumiza macho. Kasema tu, hakuomba. Lakini mtoto mwema husikia hata kisichoombwa. Mto unaong'aa haupakwi kwa rangi, unahitaji kioo. Kioo kirefu, chembamba, kisicho na mikwaruzo.

Mama Kelvin yuko kwenye kikao cha akina mama parokiani mpaka saa kumi. Kabati lake la nguo lina milango miwili, yote ina vioo. Nimelichunguza vizuri. Mtu hujitazama kwenye mmoja tu.