Achari za Toleo la Kumi na Saba

Orrin Pasko alikuwa katikati ya kipande cha pai ya cheri, ambacho hakuwa na nia ya kukilipia, aliposikia riziki yake ikizungumza meza ya nyuma.

"Toleo la kumi na saba lote," alisema mwanamke. "Kila chupa tujue iko wapi. Tunaanza saa sita, na saa kumi kamili nataka orodha mezani."

"Chupa mia tatu na kumi na mbili, maduka tisa ya kando ya ziwa," alijibu mwanamume. "Tusipozipata je, bosi?"

"Mnunuzi wa Chicago anaondoka, Lambert. Akiondoka yeye, watu arobaini wanakaa nyumbani Krismasi hii. Anza na siki na vifuniko, tujue vilitoka wapi. Maduka tutayapigia simu saa tisa."

Orrin aliacha kutafuna. Koti la yule mwanamke lilikuwa limeshonwa jina: Ardith Hoeksema, Ubora, Achari za Dykhuis. Na kiwanda cha Dykhuis, cha achari za matango, ndicho kilichoufanya mji mzima wa Overkamp unuke siki kuanzia Julai hadi Oktoba. Kumbe kilikuwa kinaziita achari za toleo hilo, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, zirudi! Pengine kulikuwa na vipande vya kioo ndani, pengine mdudu. Orrin hakujali. Alichojua ni kwamba kiwanda chenye hofu hakibishanii bei.

Tumtendee haki: hakuwa mtu mbaya wa kutaka wenzake wale vioo. Alitaka tu chupa zote zipatikane, ila zipatikane kwake.

Mkahawani waliuza kofia za Dykhuis, zile za kijani zenye tango linalotabasamu. Alinunua moja, akafunga tai, akawasha gari lake la mizigo. Kufikia saa saba alikuwa duka la tatu.

"Mama, nimetumwa na kiwanda," alimwambia mwenye duka, Mama Boersma, kwa sauti ya msibani. "Toleo la kumi na saba. Siwezi kusema mengi."

"Mungu wangu! Mwanangu alifungua chupa jana akala achari moja!"

"Anajisikiaje?"

"Anasema anataka nyingine."

"Huwa inaanza hivyohivyo," alisema Orrin, akatikisa kichwa. Akabeba katoni tatu na kuacha stakabadhi aliyoiandika kwa mwandiko mzuri, yenye sahihi ndefu kama mkia wa farasi.

Saa tisa na dakika arobaini aliingia ofisini kwa Ardith bila kofia wala tai. Sasa alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wateja Wenye Uchungu, umoja ambao ulikuwa na umri wa dakika sita. Ardith alikuwa ameshika simu, uso umempauka. Pembeni yake alikaa mzee mkimya mwenye saa ya kupimia muda.

"Duka la saba nalo," Ardith alimwambia Lambert. "Wanasema mtu wetu amezichukua. Mtu gani?"

"Dada, tulia," alisema Orrin. "Zote ziko nje, kwenye gari langu. Wanachama wetu wamejitolea kuwaokoa watoto wa jimbo hili. Tunaomba dola kumi tu kwa kila chupa, za kutupoza moyo."

Ardith alimtazama. Alitazama dirishani lile gari lililoinama nyuma kwa uzito. Kisha akatabasamu taratibu, na Orrin, ambaye kwa miaka ishirini aliishi kwa kusoma nyuso za watu, aliusoma uso huo vibaya.

"Karibu sana, kaka. Ila siwezi kulipa kabla ya kuandika kila chupa ilitoka duka gani. Sijui kama unakumbuka."

"Nikumbuke?" Orrin aliguswa pabaya. Utapeli bila kumbukumbu ni wizi tu. "Andika. Kwa Boersma, thelathini na sita. Kwa Ter Haar, arobaini na nane, na moja ilikuwa na kifuniko kilichopinda."

Aliendelea hivyo bila kukwama, huku Lambert na vijana wa ghala wakihesabu katoni nje. Saa kumi kasoro dakika nne hesabu zilikutana: mia tatu na kumi na mbili. Mzee mkimya akabonyeza saa yake.

"Bwana Okrent," Ardith alimwambia yule mzee, ambaye ndiye aliyekuwa mnunuzi wa Chicago, "sitakuficha. Huyu si mtu wetu. Ni tapeli. Alitutangulia madukani."

Orrin alianza kuusogelea mlango. Lakini mzee alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika.

"Siku ya balaa la kweli matapeli nao watakuja," alisema. "Viwanda vingine vinasahau kujiandaa nao. Ninyi mmepata kila chupa, na yeye mkampata." Akatia sahihi mkataba wa kununua achari zao. Lambert alikimbilia ukumbi wa mashine, na kelele za shangwe za watu arobaini zikapenya ukutani.

"Balaa la kweli?" aliuliza Orrin. "Kwani achari zina nini?"

"Hazina kitu," alisema Ardith. "Ni zoezi. Kila mwaka tunachagua toleo zima lisilo na kosa, tunajifanya limeharibika, tuone kama tungeweza kulipata. Na ni marufuku kulitaja neno hilo hadi muda uishe, maana watu wakijua ni zoezi, wanazembea."

"Na dola zangu kumi kumi?"

"Nina stakabadhi zako tisa zinazokuja kutoka madukani, na binamu yangu ni polisi wa wilaya. Au uzirudishe chupa zote leo, duka kwa duka, na uombe radhi. Chagua, mwenyekiti."

Mwenyekiti alichagua. Njia ilikuwa ndefu, mafuta ni yake, na tangu ile pai hakuwa ametia kitu tumboni. Karibu na duka la mwisho alisimama, akafungua chupa moja, akala hadi akanywa na maji yake.

Mama Boersma aliziweka chupa kaunta moja moja, akizigusa kwa kidole.

"Thelathini na tano."

Orrin alitoa dola nne na senti kadhaa, zilizokuwa za mwisho mfukoni.

"Kwa hiyo umeila," alisema Mama Boersma. "Hebu niambie wewe mwenyewe, ina kasoro gani?"

"Haina, mama," alisema Orrin. "Ni tamu kweli."

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu asubuhi. Mama Boersma hakuliamini hata kidogo, akazipanga chupa zote rafu ya chini, wateja wasizione.