Mgonjwa wa Mfano

Jamani, leo nimeaibika mpaka aibu yenyewe imenionea huruma.

Adamu, Levina, nawaandikia leo hii hii kabla lori la dagaa halijaondoka kwenda Mpanda. Utingo wake alikuwepo na aliona kila kitu. Mnamjua utingo yule: redio inapumzika, yeye hapumziki. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Mnakumbuka niliwaeleza kuhusu darasa langu hapa Ikola. Ni chumba kimoja cha kigango, kanisa letu dogo, wanamohifadhia mabenchi mabovu, na watoto wa kila kimo, kuanzia anayejifunza herufi mpaka anayeota ndevu. Shule iko mbali nao. Wengine ni wa wavuvi wa kambini, wengine wa Wasukuma walioshuka huku na ng'ombe zao. Wazazi waliniomba nisiwaache hivi hivi. Sasa, watoto kama hao huwezi kuwafundisha wote kitu kimoja ubaoni. Nilijaribu. Wadogo walilala, wakubwa wakatoroka.

Ndipo nikaanza mtindo wa mada. Wiki nzima tunasoma kitu kimoja, na kila mtoto anakishika kwa mikono yake kadiri ya umri wake. Wiki ya dagaa, watoto wadogo walitenga dagaa wakubwa na wadogo, wa kati wakapima kwenye mizani, wakubwa wakapiga hesabu ya faida. Hakuna aliyelala. (Paka tu ndio waliotusumbua.)

Wiki hii mada ilikuwa Mwili na Ajali. Nikawafundisha huduma ya kwanza. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: ALIYEVUNJIKA HAGUSWI OVYO. NGUO HAIVULIWI, INAKATWA. MGONJWA AFUNGWE VIZURI KWENYE MACHELA ASIDONDOKE. Nikawaambia wakasimulie na nyumbani. Wakasimulia. Shikeni hapo.

Jambo la pili la kushika: mnajua nimepeleka posa Karema, kwa akina Skola. Jibu lililokuja ni kwamba wazazi wake watafika wenyewe Ikola, Jumamosi, wamwone huyo mwalimu anaishije. Leo ni Alhamisi. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote.

Asubuhi nikatangaza kwamba tunafanya zoezi la vitendo. Ajali imetokea, mtu kaanguka mtini. Nani atakuwa mgonjwa? Kila mtoto akataka kuwa daktari. Mgonjwa akakosekana. Nikasema basi, mimi.

Ningekaa tu kwenye kiti changu, mngekuwa mnasoma barua ya habari za hali ya hewa.

Nikalala chini kwenye blanketi. Daktari mkuu alikuwa Nyanzobe, binti wa Kisukuma, mrefu, hacheki ovyo, amezoea kuswaga ng'ombe dume. Wadogo walipewa kazi ya kutengeneza damu. Walichanganya mawese na udongo mwekundu, wakanimwagia kichwani, wakanipaka shingoni, wakamalizia na kifua. Ilionekana damu kweli. Hata mimi nilipoiangalia niliumwa kidogo. Wa kati walipima vijiti vya kunyooshea mfupa, wakahesabu mapigo ya moyo wangu, wakaandika. Nikafurahi. Nikasema moyoni, laiti mkaguzi angepita leo.

"Mwalimu umevunjika taya," akasema Pius. Pius ndiye mdogo kuliko wote.

"Hapana, Pius. Ni mguu."

"Na taya."

Akanifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini, akarudia, akarudia tena, na mwisho akanizibia na jicho moja. Meno yangu yakagusana na yakabaki hivyo. Sikutaka kumvunja moyo. Mtoto huyu alikuwa hajawahi kumaliza kazi yoyote.

Kisha nikasikia kitu cha baridi kwenye kifundo cha mguu. Mkasi.

Nilivaa suruali yangu ya tetroni. Ile moja. Nilidhani wataigiza tu kukata! Lakini ubaoni sikuandika "waigize". Niliandika "inakatwa".

"Mmmm! Mmmm!" nikasema.

"Mgonjwa ana maumivu makali," akasema Nyanzobe kwa utulivu. "Mshikeni mikono."

Mkasi ukapanda. Ukapita gotini. Ukapita pajani. Ukafika kiunoni, ukakata na mshipi wa suruali. Walikata kwa mstari ulionyooka kabisa, hilo lazima niwape. Wakanifunga mguu na vijiti, wakanifunga mikono ubavuni, wakanifunga mimi mzima kwenye machela kwa kamba za nyavu. Watoto wa wavuvi wanajua kufunga fundo. Wakaninyanyua, wakanitoa nje kunipeleka hospitali, yaani hadi kwenye ukuta wa kigango na kurudi.

Tulifika ukutani. Hatukurudi.

Kutoka ziwani tukasikia injini ya boti. Halafu sauti ya mtu akikimbia njiani: "Televisheni! Boti ya Karema imeleta televisheni! Na jenereta yake!"

Machela ikatua chini.

Nilimwona Nyanzobe kwa jicho langu moja. Alikuwa anapigana na nafsi yake. Alipigana vizuri, lakini kwa muda mfupi.

"Mwalimu, tunarudi sasa hivi," akasema. "Usijitikise."

Wakaondoka. Wote. Nilisikia miguu yao ikiteremka kwenda mwaloni, boti zinakotia nanga, na nyuma kabisa viatu vya Pius, ambavyo ni vya kaka yake, vikipiga pa, pa, pa.

Nikabaki na inzi. Kumbe inzi wanapenda sana mawese.

Wa kwanza kunikuta alikuwa Bibi Modesta, anayeuza maandazi. Alikuwa anapita na beseni kichwani. Nikamwita kwa heshima zote: "Mmmm!"

Beseni likaanguka.

"Mayoo! Mayo wane, mama yangu! Mwalimu anakata roho!"

Nikajaribu kumweleza kwamba sikati chochote. "Mm! Mm-mm!" Akazidi kulia. Watu wakaja. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa, mafundi wa mitumbwi, utingo wa lori, wote wakanizunguka. Mtu mmoja akasema, tumfungue jamani apumue. Nikamwombea baraka mtu yule. Lakini mama mmoja akamshika mkono.

"Usimguse! Mwanangu kanieleza jana. Aliyevunjika haguswi ovyo mpaka mtaalamu aje."

"Hata wangu kasema hivyo," akadakia mwingine.

"Hata wangu."

Mtaalamu wa zahanati alikuwa amekwenda Kapalamsenga. Kwa hiyo sikuguswa. (Huko chuoni walituambia kipimo cha somo zuri ni pale maarifa yanapofika nyumbani. Yamefika.)

Watu wakasimama, wakanitazama, wakaanza kuongea juu yangu kama watu wanavyoongea kwenye matanga.

"Kijana mpole."

"Mpole, ila chumvi alikuwa haishi kuomba."

"Na kuimba hajui. Mungu anisamehe, lakini kwaya itapumua."

"Baiskeli yake itakuwaje?"

Kwa hilo la baiskeli, niliona macho kadhaa yakielekea dirishani kwangu.

Kisha umati ukafunguka, akaingia Mzee Anselmu, katekista wetu, na rozari mkononi. Akapiga magoti karibu yangu. Mzee Anselmu anasikia kwa sikio moja, kwa hiyo huongea kwa sauti ya kutosheleza masikio yote mawili.

"MWALIMU! Kama unanisikia, fumba jicho!"

Nikafumba. Watu wakashusha pumzi.

"Padri yuko mbali. Mimi siwezi kukuungamisha, ila tunaweza kuandaa mambo. Nitataja dhambi. Kama uliitenda, fumba jicho. Kama hukuitenda, kodoa!"

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nitakodoa jicho kwa kila kitu, mpaka washtuke kwamba mtu anayekufa hakodoi namna hii.

"UVIVU!"

Nikakodoa.

"WIZI!"

Nikakodoa.

"ULEVI!"

Inzi akatua kwenye kope. Nikafumba.

"Aaa," watu wakasema kwa pamoja, kama kiitikio.

"UZINZI!"

Inzi yule akahamia kwenye kona ya jicho, pale penye majimaji. Nikafumba. Nikafumbua. Akarudi. Nikafumba tena. Akaja na mwenzake. Nikafumba, nikafumbua, nikafumba, nikafumbua, na katekista akawa anaitikia kila mara kwa kichwa, kwa huzuni, huku midomo yake ikihesabu.

"Mungu wangu," ikasema sauti ya mwanamke nyuma ya umati. "Ni wengi hivyo?"

Na sauti ya mwanamume ikajibu taratibu: "Subiri, Mama Skola. Mgonjwa hajamaliza."

Nadhani hapo ndipo kitu ndani yangu kilipokufa kweli.

Boti iliyoleta televisheni ilitoka Karema. Na wakwe zangu, badala ya kungoja Jumamosi, walipata nafasi humo humo, wakaona wawahi. Waliposhuka tu mwaloni wakauliza nyumbani kwa mwalimu ni wapi, wakaambiwa: fuateni kilio.

Wakati huo ndipo watoto waliporudi. Televisheni ilikuwa bado imefungwa ndani ya boksi, kwa hiyo walikuwa wameangalia boksi mpaka wakaridhika. Nyanzobe akapenya kati ya watu wazima kama anavyopenya kati ya ng'ombe.

"Mwalimu, samahani tumechelewa," akasema. "Tuendelee na hospitali, au zoezi limeisha?"

"Zoezi gani?" akauliza katekista.

"Si alianguka mtini kwa mfano? Hiyo ni mawese."

Bibi Modesta akachovya kidole kwenye shingo yangu, akanusa, akalamba. "Mawese," akathibitisha. Kisha akakumbuka maandazi yake mchangani, akanitazama kwa namna iliyonifanya nianze kutamani nirudi kuwa mahututi.

Nyanzobe akafungua kamba na vijiti. Akafungua taya. Nikajua sasa kila kitu kinategemea jinsi nitakavyosimama. Nikajisemea, Deo, simama kama mwanamume, wasalimie wakwe zako, eleza, watacheka kidogo, yataisha. Nikasimama wima. Nikawageukia, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Karibuni Ikola."

Suruali ikaenda chini.

Haikuteleza polepole nikapata muda wa kuidaka. Ilikuwa imekatwa mpaka kiunoni pamoja na mshipi, haikuwa na sababu yoyote ya kubaki. Mama Skola akajifunika khanga usoni na kukimbilia nyuma ya kigango, kama mila inavyotaka na kama miguu yake ilivyomruhusu. Nikageuka haraka kumpa mgongo baba mkwe.

Hilo lilikuwa kosa.

Bukta yangu alinishonea dada yangu kutokana na khanga iliyobaki. Dada yangu hatupi kitambaa. Maandishi ya khanga yamekaa nyuma, yameenea upande hadi upande. Na nyuma yangu alikuwa amesimama Pius.

Pius hajawahi kusoma sentensi. Mama yake alishaniambia kwamba mwezi huu ukiisha hajui kusoma, atamtoa akachunge bata. Sasa Pius alikuwa ameweka kidole hewani, anafuata herufi moja moja, na kijiji kizima kimenyamaza kumsikiliza.

"U-si-si-mu-li-we," akasoma. Akameza mate. "Njo-o. U-ji-o-nee."

Akafikiri kidogo. Kisha akarudia yote kwa mkupuo, kwa sauti ya ushindi: "USISIMULIWE, NJOO UJIONEE!"

Darasa zima likampigia makofi, maana ndivyo nilivyowazoesha mwenzao akisoma vizuri. Pa-pa-pa, pa-pa-pa. Kicheko kilichofuata naamini kilisikika Kongo ng'ambo. Utingo alilala chini. Mzee Anselmu, ambaye hakusikia, akauliza, "KASEMAJE?" na wakamrudishia kwa sauti kubwa zaidi. Mama yake Pius alicheka mpaka akalia, na alipofika kwenye kulia akaendelea kulia, akambeba mwanawe mabegani na kuondoka naye akimwambia kila aliyekutana naye, amesoma, amesoma mwenyewe.

Mimi nilijifunga blanketi la machela. Baba Skola hakuwa amecheka. Alinisogelea, akanipa mkono.

"Tulikuja kukuona, mwalimu," akasema. "Tumekuona."

Jioni hii tumekula pamoja, wali na samaki wa ziwani, mgebuka, nikiwa nimevaa kikoi cha kuazima. Mama Skola amekula jikoni na wanawake wenzake. Baada ya kunawa mikono, baba mkwe akaniinamia na kuniambia kwa sauti ndogo:

"Mimi nilisimama upande wa jicho. Nilimwona yule inzi."

Nilitaka kumkumbatia. "Umemwambia mama?"

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

"Anasema inzi mmoja hawezi kufanya kazi yote ile." Akachokonoa meno kidogo. "Ila kasema pia hajawahi kuona watoto wanaomtii mtu hivyo. Na kasikia kwa watoto kwamba walikwambia usijitikise, na wewe nawe ukawatii. Kasema mwanamume wa namna hiyo hamsumbui mke. Jibu litaletwa na mshenga."

Sikuuliza zaidi. Kwa leo nimeulizwa vya kutosha.

Naomba mkimaliza kusoma msimsomee mtu. Na Levina, usicheke, nakujua, umeanza tangu kwenye mkasi.

Wiki ijayo nilikuwa nimepanga mada ya Moto. Nimefuta. Tutasoma viazi.